Nyayo Mbele ya Shubaka la Epafra

Maziwa yaliposhuka kwenye tundu la kifuniko cha chungu, Bi Kalitike alijua papo hapo kwamba mumewe hayumo.

"Hiyo si sauti yake," alisema.

Shoga yake Spendusa alikuwa nyuma yake, ameshika birika na mkate uliolowekwa divai. "Sauti ya nani?"

"Ya Epafra. Tangu tumweke humu mwezi wa Desemba nakuja kummiminia. Maziwa yakifika kwenye mifupa hutua taratibu, kama mtu anayemeza. Hebu sikiliza." Akamimina tena. Maziwa yakagonga udongo mtupu, ti, ti, ti, kama tone la paa bovu kwenye sufuria.

Spendusa aliweka birika chini, akabandua kifuniko, akazamisha mkono kwenye chungu mpaka kiwiko. Aliutoa umelowa maziwa, na hakuna kingine.

"Masalale," alisema. "Mtu kamchukua."

Ilikuwa siku ya kwanza ya zile siku tisa za wafu, saa tatu asubuhi, maili moja nje ya lango la mji wa Roma kwa njia ya Apia. Nyumba ile ya vyungu ilikuwa ya chama cha kufa na kuzikana, chama cha watu waliowahi kuwa watumwa wakaachwa huru. Unashuka ngazi kumi na mbili, unajikuta kwenye chumba chenye mashubaka kutoka sakafuni hadi darini, na kila shubaka lina vyungu viwili vya mifupa ya waliochomwa moto, vilivyojengewa mpaka shingoni, jina limeandikwa chini yake kwa rangi. Wahuni wa mjini hupaita banda la njiwa. Waacheni waseme. Wengi wao watatupwa shimoni bila jina, na sisi tutakuwa na pa kukaa.

Kalitike hakulia. Alikaa kwenye ngazi ya mwisho, birika tupu mapajani, akitazama chungu cha pili kwenye lile shubaka, kilichokuwa kinamsubiri yeye mwenyewe.

Spendusa alitazama chini. Jana sakafu ile ilikuwa imepigwa lipu mpya ya chokaa, nyeupe kama unga. Mbele kabisa ya shubaka la Epafra palikuwa na nyayo mbili, zimeganda, zimesimama pamoja na kuelekea ukutani. Zilikuwa nyayo za miguu mitupu.

Mwenyekiti wa chama, Bwana Lolio, alifika saa nne akihema, tumbo mbele. Alitazama chungu, akatazama nyayo, na kesi kwake ikawa imekwisha.

"Pekupeku," alisema. "Haya niambieni, ni nani anayeingia humu pekupeku?"

Macho yote yalimwendea Hilaro, mlinzi wa nyumba ile. Alikuwa mzee wa miaka sitini na ushei, mtumwa wa chama, na hakuwahi kuvaa kiatu tangu kuzaliwa.

"Si mimi, bwana," alisema Hilaro.

"Nani mwingine? Umeiuza hiyo mifupa kwa wachawi?"

"Bwana, mimi mifupa ya Epafra niifanyie nini? Hata yangu mwenyewe inanichosha."

Mtu mmoja alicheka. Lolio hakucheka. Kwa kawaida yetu neno la mtumwa halisikilizwi barazani mpaka aumizwe kwanza, eti ndipo ukweli humtoka. "Hizi ni siku za wafu, siwezi kumwaga damu ndani yake," alisema. "Lakini jua likichwa siku ya tisa kabla mifupa haijaonekana, nampeleka kwa mtu wa mijeledi. Huko atakumbuka."

Kila mtu pale alijua kwamba mzee wa umri ule haondoki kwa mtu wa mijeledi akiwa mzima.

"Na kesi ya kaburi," Lolio akamwambia Kalitike, "ni yako wewe. Mwenye kaburi ndiye mwenye kushtaki. Ukitaka hakimu, nitakusindikiza."

"Nataka mume wangu," alisema Kalitike.

Sasa huyu Spendusa nimweleze kidogo, maana bila yeye hakuna hadithi. Jina lake maana yake ni mwenye haraka, na hajawahi kufika popote mapema isipokuwa msibani. Miaka arobaini alikuwa mliaji wa kukodiwa. Alitangulia mbele ya jeneza, nywele zimefumuliwa, akiimba sifa za marehemu ambaye pengine hakumjua hata kwa sura. Kazi hiyo ilimfunza jambo moja: kutambua nani kwenye msafara analia kweli na nani anavuta kamasi tu. Yeye na Hilaro walilelewa jiko moja, kwa bwana mmoja. Waliiba tini kavu pamoja, na walipokamatwa Hilaro alisema ameiba peke yake. Alikuwa na miaka minane. Spendusa aliachwa huru, Hilaro akatolewa kuwa mali ya chama. Hawakuwahi kulizungumza hilo.

Watu walipotawanyika aliketi naye kisimani, nyuma ya nyumba.

"Inua mguu," alimwambia.

"Umeanza kununua farasi?"

"Inua, mzee, nione."

Hilaro aliinua. Ulikuwa unyayo mpana, mgumu kama gome, vidole vimeachana kila kimoja na njia yake, kama watoto wasiosikilizana. Spendusa aliupapasa. Hapakuwa na wekundu wala lengelenge.

"Nani waliingia jana mchana? Usinifiche mtu."

"Nimfiche nani? Waliingia watatu. Sintrofo mpiga lipu alimaliza saa nane, akaweka ubao wa kupitia juu ya sakafu, akaenda kula. Saa tisa alikuja Bwana Lolio, akachungulia mlangoni, hakutaka kuchafua viatu vyake, akarudi. Baadaye kidogo akaja Ampliata, yule muuza mashada wa hapo getini, kutundika maua ya urujuani kwa ajili ya leo. Alikuwa na viatu vyake vyekundu vya kufunga, nilivisikia kwenye ubao, ko, ko, ko. Mimi nilikuwa hapa naosha vyombo vya maziwa. Basi."

"Watatu wenye viatu na mmoja asiye navyo."

"Ndiyo maana nitakufa," alisema Hilaro, bila kinyongo. Kisha akatabasamu. "Unakumbuka zile tini, Spendusa? Tangu siku zile sijala tini tamu tena. Siku hizi wanazianika vibaya."

Spendusa aliinuka haraka kwa sababu machozi yalikuwa yanamjia, na machozi yake alizoea kuyatoa kwa malipo tu.

Kesho yake, saa mbili asubuhi, alimkuta Sintrofo mpiga lipu kwenye kibanda cha uji wa dengu. Sintrofo na nyumba ya Epafra hawakuwa wakipatana. Ndiye aliyeandika jina kwenye shubaka, na Kalitike alimfanya alifute mara mbili kwa sababu alikosea herufi.

"Nasikia ulisema Epafra akale jina lake," alianza Spendusa.

"Nilisema. Na mkewe nilimwambia makubwa zaidi. Kwa hiyo nimwibe? Nikamchemshe supu?"

"Lipu yako inachukua muda gani kukauka?"

"Wakati huu wa baridi? Ukiikanyaga kabla ya saa kumi na moja unaacha alama. Baada ya hapo unaacha vumbi."

"Na wewe ungeikanyaga pekupeku?"

Sintrofo aliweka kijiko chini. "Bi Spendusa, mimi nina akili zangu. Chokaa mbichi inakula ngozi! Simama dakika chache tu, jioni nyayo zako zinachubuka kama ndizi iliyochomwa. Mimi hata nikiwa nimelewa natembea na buti."

"Mwambie Lolio hivyo."

"Nilimwambia. Anasema nyayo za Hilaro ni ngozi ya kiatu, haziungui." Akashusha sauti. "Lakini na wewe jiulize. Lile shubaka liko usawa wa macho, karibu na mlango, mwanga unalipiga. Nani alikuwa akimbembeleza Kalitike alihamie la juu darini ili ampe shemeji yake lile?"

Jibu lilikuwa Lolio. Spendusa alimfuata nyumbani kwake saa tano, akamkuta akikandwa mgongo. Lolio alikiri bila aibu. Ndiyo, alilitaka shubaka lile. Shemeji yake ana goti baya, hawezi kupanda ngazi ya mbao kumwagia wafu wake maziwa.

"Lakini ningelitaka kwa kura ya chama, mchana kweupe," alisema. "Kuiba mifupa ya mtu? Mimi nitakaa humo humo nikifa, mama. Unadhani nataka kulala jirani na watu niliowaudhi?"

Spendusa alimwamini. Mtu mwoga wa wafu namna ile hagusi chungu. Tena mguu wake aliuona, umejaa na kufura kama mkate. Zile nyayo mbili zilikuwa nyembamba.

Alirudi nyumba ya vyungu saa saba akiwa na Kalitike. Getini Ampliata alikuwa ameketi nyuma ya meza yake ya mashada, shali mabegani, akifunga urujuani kwa ugwe wa ganda la mti kama wafanyavyo wote wa kazi yake. Aliwaamkia kwa adabu, akasukuma shada moja mezani bila kuinuka.

"Siku hizi hata muuza maua hasimami wakubwa wakipita," Kalitike alinung'unika walipokuwa wakishuka ngazi. "Zamani tulikuwa tunasimama mpaka mkubwa apotelee kwenye kona."

"Zamani tulikuwa tunachapwa," alisema Spendusa. Lakini alisita kwenye ngazi ya tatu, akageuka kutazama nyuma, kisha akaendelea.

Alipiga magoti mbele ya nyayo. Kidole gumba cha kila mguu kilikuwa kimeinama kuelekea wenzake, na vidole vingine vimebanana. Huo ni mguu uliokaa ndani ya kiatu cha kufunga kwa miaka mingi. Visigino vilikuwa vimezama kuliko vidole. Mtu huyu alisimama pale muda mrefu, palepale, hakuhangaika. Mwizi hasimami hivyo.

Akainuka, akanusa chungu cha Epafra. Chini ya harufu ya maziwa ya jana palikuwa na harufu ya divai kuukuu. Akapitisha kidole ndani. Chungu kilikuwa kimefutwa safi, hapakuwa na hata chembe ya jivu.

"Kalitike, wewe humwagia divai?"

"Divai ilikuwa inamuumiza tumbo. Maziwa tu."

Spendusa akaweka mkono kwenye kifuniko cha chungu cha pili.

"We! Hicho ni changu!" Kalitike alimshika mkono. "Utanifungulia kifo changu!"

"Kifo chako kina miguu yake, kitakuja chenyewe. Niache." Akafungua. Ndani palikuwa na mshipi wa sufu wa kike, umekunjwa vizuri kama mtu anayeweka nguo zake akaoge. Mwisho mmoja ulikuwa umekatika, ukaungwa kwa ugwe.

Kalitike aliutazama, uso ukamgeuka rangi. "Nilijua," alisema. "Nilijua alikuwa na mwanamke!"

"Nani?"

"Epafra! Miaka hii mitatu ya mwisho, kila siku ya gulio anatoka, anarudi ananukia maua. Maua, Spendusa! Mwanaume mpishi, anayenuka vitunguu toka tumboni kwa mama yake! Sikumuuliza. Nilijiambia, mzee mzima, atachoka atarudi. Sasa huyo hawara wake kaja kumchukua mpaka mifupa." Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, akimtukana marehemu na kumwita kwa pamoja. Spendusa alimshika mpaka akanyamaza. Katika miaka arobaini ya vilio, hiki kilimuuma kuliko vyote, kwa sababu alikuwa ameshajua Kalitike anamkosea Epafra, na hakuwa na namna ya kumwambia bado.

Siku ya tatu, saa nne, aliwaomba wote wafike getini: Lolio, Sintrofo, Kalitike na Hilaro. Hakuhitaji kumwita Ampliata. Alikuwa palepale mezani kwake.

"Bi Spendusa, nina kazi," alisema Lolio. "Kama umempata mwizi, mtaje."

"Nitamtaja. Kwanza nijibu wewe. Ulipomzika mama yako, ulipokwenda kuokota mifupa yake majivuni, ulivaaje?"

Lolio alishangaa. "Kama kila mtu. Nilivua viatu na kufungua mshipi. Mtu haokoti mifupa ya wazazi wake kajifunga kama anakwenda sokoni."

"Halafu?"

"Halafu unaiosha kwa divai kuukuu, unaiosha kwa maziwa, unaikausha kwa kitani... Kwa nini unaniuliza mambo anayoyajua kila mtu?"

"Kwa sababu mmeyajua maisha yenu yote na juzi mkayasahau. Mliona nyayo tupu, mkasema mtumwa. Mimi nawauliza, sisi tulio huru tunavua viatu lini?"

Lolio alitazama viatu vyake mwenyewe.

"Chungu kilifutwa kwa divai," Spendusa aliendelea. "Mshipi huu umevuliwa ukawekwa kwenye chungu cha jirani, ukasahaulika. Aliyeingia humu hakuja kuiba. Alikuja kuokota mifupa ya mtu wake kwa heshima zote, na alisimama kwenye chokaa inayoungua mpaka akamaliza. Hilaro hana mshipi wa sufu. Vidole vyake vingeacha alama kama jani la mtini. Tena siku ile waliingia watatu tu zaidi yake. Sintrofo hawezi kukanyaga chokaa hata umpe ng'ombe. Lolio, samahani, mguu wako haungeenea pale."

"Lakini Epafra hakuwa na ndugu!" alisema Lolio. "Alinunuliwa Kapua, alikuja peke yake. Mtumwa hana baba wala mtoto, sheria ndivyo inavyosema."

"Sheria haijawahi kuzaa," alisema Spendusa. Akaweka mshipi mezani, juu ya maua, ule mwisho ulioungwa ukitazama juu. Ugwe ulikuwa wa ganda la mti, na fundo lake ni lilelile lililofunga mashada yote yaliyokuwa pale. "Ampliata, mwanangu. Wakubwa wako hapa. Simama."

Alisema kwa upole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

Ampliata aliweka mikono mezani, akasimama. Uso ulimkunjamana kwa maumivu. Chini ya meza viatu vyekundu havikuwepo. Miguu yake ilikuwa imefungwa vitambaa vilivyolowa mafuta.

"Nilitaka kuja kusema," alisema. "Naapa nilitaka. Niliposikia mzee Hilaro atapigwa sikulala. Nilikuwa nahesabu siku nipate ujasiri. Mzee, nisamehe."

Hilaro alimtazama. "Binti yangu, ungehesabu upesi kidogo," alisema.

"Wewe ni nani kwa Epafra?" Kalitike aliuliza. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Ni baba yangu."

Kisha akaeleza. Alizaliwa Kapua, nyumba moja, mama mfumaji, baba mpishi. Alipokuwa na miaka sita bwana alifariki, warithi wakagawana watu kama walivyogawana viti. Mama na mtoto walikwenda kwa mmoja, baba kwa mwingine. Mama alikufia Roma. Hakuwa na chama wala shubaka. Ampliata alimzika kando ya barabara, jiwe la maili ya tatu, kwenye mtungi mkuukuu wa divai, shingo imeachwa juu ya ardhi ili apate kumwagiwa kitu.

"Miaka mitatu iliyopita, siku kama hizi, mzee mmoja alikuja kununua shada. Akaniona hili kovu kidevuni. Akaniuliza nililipataje. Nikamwambia sijui, nadhani ni mafuta ya moto, nilikuwa mdogo. Akasema, 'Ni chapati za asali. Nilikwambia usogee, hukusogea.'" Ampliata alijifuta macho kwa shali. "Ni yeye aliyeniunguza. Amelibeba hilo kovu moyoni miaka yote kuliko mimi nilivyolibeba usoni. Tangu siku hiyo kila gulio alikuwa anakuja kukaa hapa nami. Ananisaidia kufunga maua, vibaya sana. Nilikuwa nayafungua upya akiondoka."

Kalitike alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Ndiyo yale maua," alisema.

"Aliogopa kukuambia, mama. Alisema wewe hukupata mtoto, na jambo hili lingekuuma. Alisema atakuambia siku moja. Na aliniahidi kwamba akifa atawekwa na mama yangu. Halafu homa ile ya Desemba ikamchukua siku mbili tu, nikasikia kwa wateja kwamba ameshawekwa humu. Nilimwendea Bwana Lolio."

Wote wakamgeukia Lolio. Alijikuna shingo. "Alikuja msichana, ndiyo. Nikamwambia sheria haimtambui. Sikumtazama hata usoni, wala sikumuuliza jina."

"Ningekuja kwako, mama, ungenipa?" Ampliata alimuuliza Kalitike.

"Nisingekupa," alisema Kalitike.

"Nilijua. Mwaka huu nilitundika maua yenu humo, na mama yangu yuko kule peke yake, siku tisa za wafu. Nikaona sakafu haina mtu. Nikavua viatu. Mguu ulipoanza kuungua nilidhani wazee wa kuzimu wananiadhibu, nikasema acha waniadhibu, mimi namaliza. Nilipofika ngazini na kifurushi changu ndipo nikakumbuka mshipi, na Hilaro alikuwa anarudi."

"Yuko wapi sasa?" aliuliza Kalitike.

"Kwenye mtungi wa mama. Pamoja naye."

"Umewachanganya?"

"Nimewachanganya. Hakuna mtu anayeweza kuwatenganisha tena."

Lolio alikohoa. "Kuvunja kaburi ni kosa kubwa. Kwa hakimu atahamishwa mji, au zaidi. Kalitike, kesi ni yako. Sema neno."

Kalitike alizunguka meza, akasimama uso kwa uso na Ampliata, akamtazama kovu lile kidevuni kwa muda. Mama huyu alikuwa amekuja kutafuta mume, na sasa anaambiwa mume hayupo, hatarudi, na chungu chake yeye kitakaa peke yake milele. Spendusa alifunga macho. Alikuwa amemwokoa Hilaro, na moyoni alijiuliza amemvunja nani.

"Ulimwosha kwa maziwa?" Kalitike aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Ya moto?"

"Ya vuguvugu. Aliniambia hapendi ya baridi."

Kalitike alitikisa kichwa kukubali. "Mama yako alikuwa anaitwa nani?"

"Psike."

Kalitike alirudi nyuma hatua moja, kama aliyesukumwa. "Sema tena."

"Psike. Aliitwa Psike."

"Psike," alirudia Kalitike. Akaanza kucheka, kicheko kibaya kisicho na furaha, mpaka akashika kifua. "Spendusa, wewe unanijua. Mimi nimezaliwa hapahapa Roma, Kigiriki changu ni cha kununulia samaki. Baridi kwa Kigiriki wanasemaje?"

"Psikho," alisema Spendusa polepole.

"Psikho. Miaka ishirini na mbili, Spendusa! Usiku mume wangu anaongea usingizini. Kila mara neno moja, psike, psike. Mimi najua ni Kigiriki cha kwao, nasema maskini, anasikia baridi. Naamka. Namfunika blanketi. Wakati wa joto la Agosti namfunika blanketi! Asubuhi anaamka ameloa jasho, ananiangalia tu, hasemi kitu, ananikunjia blanketi vizuri. Kumbe mtu anamwita mkewe." Machozi yalimshuka na hakuyafuta. "Na hakuniambia. Aliniacha nimfunike."

Sintrofo alivua kofia.

Kalitike alijifuta uso kwa mkono wote, akamgeukia mwenyekiti. "Lolio, hakuna kesi. Mifupa imehamishwa na binti yake, kwa ruhusa yangu."

"Ruhusa umeitoa lini?"

"Unataka kubishana na mjane siku za wafu?"

Lolio hakutaka. Alisema kwamba mwenye kaburi akiridhika, chama hakina neno, na mlinzi arudi kazini. Hilaro alipita mbele ya Spendusa. Alimgusa bega kidogo, akashuka ngazi kumi na mbili kwa miguu yake mipana, na Spendusa akalia kweli, bila kulipwa na mtu.

Saa saba mchana wanawake watatu walitoka kwa njia ya Apia, pole pole kwa ajili ya miguu ya Ampliata. Kwenye kibanda cha uji walipasha maziwa moto. Kwenye jiwe la maili ya tatu, kati ya magugu, shingo ya mtungi ilikuwa imechomoza, imezungushiwa urujuani. Kalitike alijikunja, magoti yakilia, akapiga magoti kwenye udongo. Aliweka mkono kwenye ukingo wa mtungi, akamimina yote, na maziwa yalitua kimya.

"Psike," aliita, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani. "Mimi ni Kalitike. Nimemtunza mpaka nilipofika. Huyo hapo, mfunike wewe sasa."